Nani Anashona Mpira Nyumbani Kwenu?

Mwezi huu naomba tuanze na neno moja tu: ridhaa.

Neno hili unalijua vizuri. Siku ya ndoa ukumbi mzima unanyamaza kusubiri ridhaa ya bibi harusi. Halafu kesho yake unafungua ukurasa wa michezo, unalikuta tena: ngumi za ridhaa, soka la ridhaa, mchezaji wa ridhaa. Yaani mtu anayecheza kwa sababu anapenda, halipwi hata senti. Waingereza na Wamarekani wao wamechukua neno la Kifaransa, na mzizi wake wa Kilatini maana yake ni "mpenzi". Umeona mambo hayo? Sisi tunasema aliyeridhia, wao wanasema apendaye. Kumbe michezo na mapenzi vinakula sahani moja siku nyingi!

Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya malalamiko ninayoyasikia kila mwezi, kwenye meseji zenu na hata tukikaa mezani na marafiki. Upande mmoja unasema: "Jumamosi nzima yuko na wenzake, mimi ananikumbuka saa ngapi?" Upande wa pili unajibu: "Siku tano niko ofisini, sina hata saa mbili za kwangu?" Na wote wawili, ukiwasikiliza vizuri, wana haki.

Leo sitakaa kama hakimu. Nataka niwapeleke mbali kidogo, New York ya karne ya 19, tukawaone vijana wa ofisini waliokuwa na shida ya kukutana na wenzao. Huko kuna daktari mmoja ambaye aliishika shida hiyo kwa sindano na uzi.

Vijana wa ofisini wanavuka mto

Miaka ya 1840 New York ilikuwa inakua kwa kasi. Kulikuwa na kundi la wanaume ambao mchana kutwa wako kwenye viti: makarani wa benki, wafanyabiashara, wanasheria, madaktari. Jioni walitaka kunyoosha viungo na kucheka na watu wa rika lao. Tatizo lilikuwa viwanja. Kila eneo la wazi kisiwani Manhattan lilikuwa linamezwa na nyumba.

Tarehe 23 Septemba 1845 baadhi yao wakaunda rasmi klabu yao, wakaiita Knickerbocker. Kiwanja wakakipata ng'ambo ya mto Hudson, mji wa Hoboken, jimbo la New Jersey, mahali palipoitwa Elysian Fields. Kwa hiyo siku ya mazoezi unamaliza kazi, unapanda pantoni, unavuka, unacheza, unavuka tena kurudi.

Mchezo wenyewe ni besiboli. Kama hujawahi kuuona, usihofu, haukupiti kimo. Mmoja anarusha mpira, mwenzake wa timu pinzani anausubiri na gongo mkononi. Akiupiga, anakimbia kuzunguka vituo vinne vilivyopangwa kwa umbo la almasi. Kituo anachoanzia ndicho anachomalizia, na kinaitwa nyumbani. Unaweza ukapiga mpira ukapotelea kwenye miti, unaweza ukakimbia kama swala, lakini pointi haihesabiwi mpaka urudi nyumbani. Wenye ndoa mnanisoma?

Sasa sikiliza hili. Hawa jamaa waliandika kanuni 20. Ungedhani kanuni ya kwanza itahusu mpira, au gongo, au namna ya kushinda. Hapana. Kanuni ya kwanza ilihusu saa! Kila mwanachama aheshimu muda waliokubaliana wa mazoezi na afike kwa wakati.

Mimi nimeisoma nikacheka, halafu nikanyamaza. Watu waliokutana kwa starehe tu, bila bosi na bila mshahara, jambo la kwanza waliloahidiana ni kutosubirishana. Walijua kwamba anayekuja kwa ridhaa yake ndiye rahisi zaidi kutokuja. Kazini utafika kwa sababu kuna mshahara. Kwa rafiki, au kwa mpenzi, utafika kwa sababu gani kama hukuahidi?

Kanuni nyingine iliyobadilisha mambo ilihusu usalama. Kwenye michezo ya namna hiyo iliyotangulia, ulikuwa unaruhusiwa kumtoa mpinzani kwa kumpiga na mpira mwilini akiwa anakimbia. Knickerbocker wakapiga marufuku. Unamtoa kwa kumgusa na mpira, au kwa kuufikisha mpira kituoni kabla yake. Ushindani ubaki, maumivu yaondoke. Tena mtu akitoa lugha chafu uwanjani alitozwa faini ya senti kadhaa, na anayebishana na mwamuzi naye hivyo hivyo. Hebu fikiria nyumbani kwenu kungekuwa na kopo la faini za namna hiyo. Mwisho wa mwaka si mngenunua friji jipya?

Wakapigwa 23 kwa 1

Tarehe 19 Juni 1846, hapo hapo Hoboken, Knickerbocker walicheza na timu nyingine ya New York kwa kanuni ambazo wao wenyewe waliziandika. Matokeo? Walifungwa pointi 23 kwa 1. Na mechi yenyewe ilikuwa ya zamu nne tu za kupiga!

Nilipomsimulia mume wangu habari hii aliuliza swali la kiume kabisa: "Wakavunja timu?" Hawakuvunja. Klabu iliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Na desturi iliyokuja kukua kati ya klabu hizi za ridhaa ni kwamba mechi ikiisha, walioshindwa wanawakabidhi washindi mpira uliochezewa uwe kumbukumbu, kisha wote wanakwenda kula pamoja. Kwenye meza hiyo walikaa wenyeji na wageni, na hotuba hazikukosekana.

Klabu inayokufa baada ya kufungwa haikuwa klabu, lilikuwa kundi la watu waliotaka kushinda wakiwa karibu karibu. Hata uchumba uko hivyo. Usiuangalie siku ya ushindi. Uangalie siku mmoja wenu amekosa kazi au amefeli mtihani, muone kama mnaweza bado kula meza moja.

Daktari mwenye sindano

Sasa nimfikie mtu wangu. Anaitwa Daniel Lucius Adams, wenzake walimwita Doc. Alizaliwa mwaka 1814 New Hampshire, akasoma Yale, akachukua shahada ya udaktari Harvard mwaka 1838, kisha akafungua shughuli zake New York. Alijiunga na Knickerbocker mwaka ule ule wa 1845, na baadaye akawa rais wa klabu.

Mwaka 1896, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, gazeti la michezo lilimhoji kuhusu siku hizo. Alichosimulia hakikuwa na mbwembwe. Alisema mara nyingi alivuka mto mpaka Hoboken akakuta watu wawili au watatu tu. Siku kama hiyo mechi haipo, mnacheza mchezo mdogo wa watu wachache ili siku isiharibike. Ilibidi abembeleze, asihi, awasukume wenzake waje. Kumbe pamoja na ile kanuni ya kwanza, bado mtu wa kupiga milango alihitajika.

Halafu kulikuwa na shida ya mipira. Leo unaingia dukani unanunua. Wakati ule hapakuwa na wa kutengeneza. Adams alizunguka New York nzima akitafuta fundi, wote wakamkatalia. Mwisho akampata mtengeneza matandiko ya farasi, Mskoti, ambaye alimwonyesha namna ya kufunika mpira kwa ngozi ya farasi. Basi daktari wa Harvard akakaa chini: anachukua vipande vya mpira wa kunyumbuka, anavizungushia uzi, anafunika kwa ngozi. Kwa miaka sita au saba mipira yote ya klabu yake aliitengeneza yeye, na klabu nyingine zilipoanzishwa akazitengenezea pia.

Nikuulize, unadhani wangapi kati ya wale waliokuwa wakipiga ule mpira na kushangiliwa walijiuliza umetoka wapi?

Hiyo si yote. Mipira ya mwanzo ilikuwa myepesi, haikurushika mbali. Mtu wa mbali akiudaka hawezi kuufikisha kituoni. Adams, karibu na mwaka 1850, akaanza kusimama katikati, anakwenda kuupokea mpira kutoka kwa wa mbali, anaupeleka kwa wa karibu. Nafasi hiyo ipo mpaka leo, na ni miongoni mwa nafasi zinazoheshimiwa sana kwenye besiboli. Ilianza kama nafasi ya mtu wa kumsaidia mwenzake mzigo usidondoke njiani.

Mwaka 1857 klabu za New York na Brooklyn zilikutana kupanga sheria moja, na Adams ndiye aliyeongoza mkutano. Hapo ndipo yalipokubaliwa mambo ambayo Wamarekani wanayachukulia kama yameshuka kutoka mbinguni: zamu 9 za kupiga, wachezaji 9, na futi 90 (kama mita 27 na nusu) kati ya kituo na kituo. Karatasi zenye rasimu za sheria hizo, nyingine zikiwa na mwandiko wake, ziliuzwa mnadani mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 3.

Kuna sheria moja aliyoitaka sana akaikosa. Yeye aliona mpira ukidakwa baada ya kudunda mara moja isihesabiwe kuwa mpigaji ametoka, uwe umedakwa hewani. Aliipigania miaka na miaka, kila mara akishindwa. Hakususa wala hakuondoka na mipira yake, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiishona! Aliendelea kufanya kazi na watu waliompinga. Alioa mwaka 1861, akajiuzulu klabu mwaka 1862, na sheria yake ikapita Desemba 1864 wakati yeye hayupo tena mezani.

Na sifa zikaenda wapi? Miaka mingi zilikwenda kwa jenerali mmoja, Abner Doubleday, aliyedaiwa kubuni mchezo huu mwaka 1839. Wanahistoria wameitupilia mbali hadithi hiyo. Zikaenda pia kwa Alexander Cartwright, mwanachama mwenzake Adams, aliyeingizwa kwenye jumba la mashujaa wa besiboli mwaka 1938. Adams alipigiwa kura Desemba 2015, akakosa kura 2 kuingia.

Sasa rudi sebuleni kwako. Kila uhusiano unaodumu una mtu anayeshona mpira. Ndiye anayekumbuka kodi ya nyumba inalipwa lini, ndiye anayempigia simu mama mkwe akiumwa, ndiye anayesema "leo tutoke, hatujaongea wiki nzima". Huyo hapigiwi makofi, kwa sababu mpira ukiwepo hakuna anayeuona, unaonekana siku ukikosekana. Swali langu la mwezi huu ndilo hilo: nyumbani kwenu ni nani? Na umewahi kumwambia kwamba umemwona?

Ridhaa ilipopata bei

Nisije nikawapamba mno. Klabu zilipoongezeka, watazamaji wakaja, wacheza kamari nao wakaja. Kushinda kukawa na bei.

Brooklyn kulikuwa na kijana mrushaji hodari, Jim Creighton, wa klabu ya Excelsior. Kanuni zilikataza kumlipa mchezaji, lakini inaaminika sana kwamba alikuwa analipwa chini ya meza. Wanahistoria wengi wanamhesabu kuwa mmoja wa wachezaji wa kwanza wa malipo. Alifariki Oktoba 1862, akiwa na miaka 21 tu, siku chache baada ya kuumia katika mechi.

Kabla ya hapo, Agosti 1860, Excelsior walikutana na Atlantic, pia wa Brooklyn, katika mechi ya kuamua nani mbabe. Maelfu walijaa. Excelsior wakiwa mbele 8 kwa 6, kundi la watazamaji likaanza matusi na fujo, mpaka nahodha wao, Joseph Leggett, akawaondoa vijana wake uwanjani. Klabu hizo mbili hazikucheza tena. Faini ya senti kadhaa ilitosha kwa marafiki 20 wanaojuana. Kwa umati wenye pesa zake mezani, haikufua dafu.

Mwaka 1869 Cincinnati Red Stockings wakawa timu ya kwanza ya kulipwa wazi wazi, wachezaji wote. Aliyewaongoza, Harry Wright, aliwahi kuwa mwanachama wa Knickerbocker! Mimi simlaumu. Malipo ya wazi yana heshima kuliko ridhaa ya uongo. Ukitaka kujua kilichooza zile klabu, tazama kile kipindi cha katikati, cha kusema "tunacheza kwa mapenzi" huku bahasha inapita mlangoni. Hata kwenye mahusiano, anayesema wazi anachotaka anavumilika. Anayeumiza ni yule anayejifanya haitaki bahasha.

Mlango uliofungwa

Na kuna jambo zito zaidi. Ridhaa ina pande mbili: wewe umeridhia kuingia, na walioko ndani wameridhia uingie.

Philadelphia kulikuwa na klabu ya Wamarekani weusi iliyoitwa Pythian. Kiongozi wake, Octavius Catto, alikuwa mwalimu, mchezaji mzuri na mpigania haki. Mwaka 1867 Pythian waliomba kujiunga na chama cha jimbo la Pennsylvania, wakashauriwa waondoe ombi ili wasiaibishwe kwa kura. Desemba mwaka huo huo chama cha taifa kikakataa rasmi klabu yoyote yenye mwanachama mweusi. Watu wale wale wa adabu na hotuba za mezani!

Mchumba wake Catto alikuwa Caroline LeCount, mwalimu naye. Mwaka huo wa 1867, siku chache baada ya sheria kukataza ubaguzi kwenye tramu, alikataliwa kupanda. Hakurudi nyumbani kulia. Alikwenda kushtaki, na kondakta akatozwa faini ya dola 100. Yeye anadai kiti kwenye tramu, mwenzake anadai nafasi uwanjani. Nikiwaza wachumba waliofaana, hawa nawaweka mbele.

Septemba 1869 Pythian walicheza na Olympic, klabu ya wazungu ya Philadelphia. Walifungwa 44 kwa 23, lakini waliingia uwanjani. Tarehe 10 Oktoba 1871, siku ya uchaguzi, Catto alipigwa risasi barabarani akafa. Alikuwa na miaka 32. Mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo aliachiwa huru mwaka 1877. Sanamu ya Catto ilizinduliwa nje ya jumba la jiji la Philadelphia mwaka 2017.

Na wanawake? Mwaka 1866 wanafunzi wa chuo cha Vassar, chuo cha wasichana kilichokuwa kimefunguliwa mwaka uliotangulia tu, waliunda klabu zao mbili za besiboli, Laurel na Abenakis. Hawakusubiri kukaribishwa kwa kina kaka. Dada unayelalamika kwamba yeye ana klabu na wewe huna, umesoma hapo?

Mambo manne ya kuongea wikiendi hii

Kaeni chini, simu pembeni, muulizane haya.

Kwanza, saa. Anayetoka aseme atarudi saa ngapi, na arudi. Kanuni namba moja, mwaka 1845.

Pili, lugha. Mnaruhusiwa kushindana na kubishana. Kumpiga mwenzako na mpira mwilini, hapana.

Tatu, mlango. Je, mwenzako anakaribishwa kwenye klabu yako, hata siku moja moja ya kula pamoja mechi ikiisha? Siyo lazima acheze. Lakini mahali ambapo mkeo au mumeo hawezi kuonekana kabisa, jiulize panalindwa nini.

Nne, mpira. Kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho mwenzake anakishona kimya kimya. Kisha kwa mwezi mmoja kazi hiyo aifanye yeye. Mtakuja kuniambia vidole vinauma kiasi gani.

Tukutane mwezi ujao, na tafadhali, kwa wakati.